Kinundu chini ya koo la shangazi

Shangazi yangu wa Pangani amekuna nazi kwa mkono wa kulia tangu kabla sijazaliwa. Nazi 12 kila alfajiri, amekalia mbuzi, mguu huku na mguu kule, tui la vitumbua na tui la maharage. Kwa hiyo aliponipigia simu kunieleza kwamba ameota kinundu chini ya koo, upande wa kulia, pale mtulinga unapoanzia, jibu nilikuwa nalo kabla hajamaliza kusema. Nikamwambia, "Hicho ni kiungo kimechoka, shangazi. Punguza nazi, jipake dawa ya kuchua, nikija nitakuangalia." Akaitikia, "Haya mwanangu, wewe ndiye uliyesomea."

Ni kweli nimesomea. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, mabega na migongo ya watu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Na jibu nililompa lina msingi: kwa mwanamke wa miaka 61 anayetumia sana mkono wa kulia, kulika kwa gegedu la kiungo hicho, ule utando laini unaozuia mifupa isisuguane, ndiko kunakoonekana mara nyingi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Ila nililitoa bila kumgusa na bila kumuuliza swali hata moja. Likamgharimu miezi minne.

Kabla sijaendelea, weka kidole kwenye kile kishimo kilicho chini ya koo lako. Kisogeze kidogo kulia au kushoto, utakuta kichwa cha mfupa kimejitokeza. Kibonyeze taratibu, halafu inua mkono wa upande huo hadi juu ya kichwa. Unahisi mfupa unapanda, kisha unajizungusha chini ya kidole? Hicho ndicho kiungo ninachokisema, mahali mtulinga unapokutana na mfupa wa kidari. Mkono wako mzima, kuanzia bega hadi ncha za vidole, umeshikizwa kwenye kiwiliwili kwa kiungo hicho kimoja tu. Bega lenyewe limelala nyuma ya mbavu, limezungukwa na misuli, wala halina kiungo kingine cha mfupa kwa mfupa kinacholifunga na kifua.

Cha kushangaza ni kwamba mifupa hiyo miwili hailingani kabisa. Kichwa cha mtulinga ni kikubwa kuliko kitako chake kwenye kidari, na sehemu inayogusana ni chini ya nusu. Kinachokishikilia kisichomoke ni kano nene pamoja na kisahani cha gegedu kilichokaa katikati kama mto. Mtulinga ndio mfupa wa kwanza kuanza kukomaa mtoto akiwa tumboni, kwenye wiki ya 5 au ya 6, na ncha yake hii ya ndani ndiyo ya mwisho kufunga, mtu akiwa na miaka 23 hadi 25. Na nyuma yake, kwa umbali usiofika upana wa kidole, imepita mishipa mikubwa ya damu ya kichwa na mkono, koromeo la hewa na njia ya chakula. Kwa mtu anayetaka kuingiza sindano au kisu mahali hapo, hilo ndilo la kukumbuka kwanza.

Shangazi alijipaka dawa ya kuchua wiki tatu. Kinundu kikakua. Mtaani kila mtu akawa na jina lake. Jirani mmoja alisema ni goita, mwingine akasema ni mtoki uliopanda juu, na dada mmoja wa kikundi chao cha kukopeshana akamnong'oneza kwamba shemeji yake alianza hivyo hivyo, ikawa saratani. Neno hilo la mwisho ndilo lililomkosesha usingizi. Hakunipigia tena, maana mimi nilishasema ni uchovu, na hakutaka kunisumbua. Akaenda kwenye zahanati moja ya kulipia, wakamsikiliza dakika tano, wakamchoma sindano ya steroidi hapo hapo juu ya kinundu. Hawakumpima damu wala hawakumpiga picha. Sukari pia hawakuipima.

Maumivu yalipotea siku 10. Akanipigia kwa furaha kunieleza alivyopona, nami nikafurahi. Hapo ndipo ninapojilaumu zaidi kuliko ile simu ya kwanza. Steroidi hutuliza uvimbe wa aina yoyote kwa muda, kwa sababu inauzima moto ambao mwili wenyewe umeuwasha. Kama moto ule ulikuwa wa kusuguana tu kwa mifupa iliyolika, hakuna neno. Kama mwili uliuwasha ili kumchoma mdudu, basi umemnyang'anya silaha huku adui yupo ndani. Hilo nalijua vizuri. Nilitakiwa kuuliza, "Walikupima nini kabla ya kukuchoma?" Sikuuliza.

Nilipofika Pangani mwezi uliofuata, shangazi alikaa kwenye kigoda akashusha kanga begani bila kusema kitu. Kile alichokiita kinundu kilikuwa kimefikia ukubwa wa embe dogo. Nikaweka kiganja juu yake. Mfupa uliolika unakuwa mgumu kama kokwa, na jipu la kawaida linaunguza mkono. Hiki hakikuwa kigumu wala cha moto. Kilikuwa laini, kinabonyea, ngozi yake imetulia kama ngozi ya mahali pengine popote. Kwa lugha ya hospitali huitwa jipu baridi, na kwetu huku mtu akikutana na jipu baridi juu ya mfupa, ugonjwa wa kwanza kumjia akilini unatakiwa uwe kifua kikuu. Kesho yake alfajiri tukapanda basi la Tanga, kilomita kama 50, amejifunika kanga mbili ingawa joto lilikuwa kali.

Daktari bingwa wa mifupa aliyempokea ni mtu wa maneno machache, na nilijifunza kwake zaidi ya nilivyowahi kujifunza darasani kuhusu kiungo hiki. Alianza kwa shikamoo. Kisha akauliza: mama, kilianza lini, na kilianza kwa ghafla au polepole? Usiku unatoka jasho? Nguo zimekulegea mwaka huu? Nyumbani kuna mtu aliyewahi kutumia dawa za TB? Shangazi akafikiri. Mpangaji wa chumba cha uani alizitumia miezi sita, mwaka juzi. Kikohozi yeye hana, hajawahi kukohoa. Daktari akatikisa kichwa, kwamba hilo halimwondolei kitu. Wengi wenye TB ya mifupa hawakohoi, na ndiyo sababu huchelewa kugunduliwa.

Baada ya hapo akasimama nyuma yake, akayatazama mabega yote mawili kutokea juu, akilinganisha. Akapapasa shingo kutafuta matezi. Akamwomba ainue mikono taratibu huku kidole gumba kikiwa kwenye kiungo. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akaomba kuona viganja, kisha akamwomba avue ndara aone nyayo. Akatazama viwiko. Akauliza kama vidole vya mkono hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa nzima, kama mgongo wa chini huuma usiku wa manane na kupungua akitembea, kama kidole gumba cha mguu kiliwahi kuvimba ghafla.

Nilimuuliza baadaye, tukiwa kwenye korido, nyayo zinahusiana nini na mtulinga. Akanieleza kwamba kiungo hiki kidogo hupatwa na karibu kila ugonjwa unaopata viungo vikubwa, ila chenyewe hakisemi ni upi. Lazima usome sehemu nyingine za mwili. Vidole vinavyokakamaa asubuhi huelekeza kwenye baridi yabisi. Mgongo wa usiku huelekeza kwenye magonjwa ya uti wa mgongo yanayoanza ujanani. Kidole gumba cha mguu ni jongo, yaani gauti. Magamba viwikoni ni soriasisi, ambayo nayo hushuka hadi kwenye viungo. Na vipele vya usaha kwenye viganja na nyayo, vinavyokuja na kuondoka, ni alama ya ugonjwa ambao madaktari wa Ufaransa waliupa jina la SAPHO mwaka 1987: mifupa ya kifua cha juu inanenepa na kuuma miaka na miaka, mgonjwa anapewa antibiotiki mzunguko baada ya mzunguko bila nafuu, kwa sababu kinachomuumiza ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Wajapani nao wameuandika sana. Dawa zake ni za kutuliza uvimbe, na kwa wengine zile za kuimarisha mifupa au za kutuliza kinga. Nawaza ni wangapi huku kwetu wanatibiwa "maambukizi ya mfupa" wakati nyayo zao zimejaa jibu ndani ya viatu.

Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu cha maana. Hilo nalo ni la kawaida kwa kiungo hiki: ukipiga picha ya kifua kutokea mbele, mbavu na uti wa mgongo vinakaa juu ya ncha ya mtulinga, vinaifunika. Charles Rockwood, daktari wa mifupa wa Texas, alielekeza namna ya kuukwepa msongamano huo kwa kuuinamisha mwali wa eksirei nyuzi 40 kuelekea kichwani, ili miunganiko yote miwili, wa kulia na wa kushoto, ionekane ubavu kwa ubavu. Mtaalamu wa picha akiijua mbinu hiyo, hata hospitali yenye mashine ya kawaida inaweza kupata fununu. Lakini ukitaka kuona mfupa wenyewe ulivyoliwa, siti skani ndiyo yenyewe. MRI huonyesha zaidi maji, gegedu na uboho. Ultrasaundi, ambayo siku hizi ipo hata wilayani, inatosha kukwambia kama ndani kuna maji na kuongoza sindano isipotee.

Skani ya shangazi ilionyesha kingo za mfupa zimemung'unywa kama mkate uliotafunwa na panya, na mfuko wa usaha uliokaa mbele. Nyuma, kwenye mishipa mikubwa, kulikuwa salama. Kipimo cha ESR, cha damu kinachoonyesha kama kuna uvimbe mwilini, kilikuwa juu. Cha VVU hakikuonyesha maambukizi. Sukari, ambayo hakuna aliyewahi kumpima, ilikuwa juu vilevile. Alikuwa na kisukari bila kujua, na mwenye kisukari hupata TB kirahisi zaidi ya mara mbili ya asiye nacho. Steroidi aliyochomwa nayo inapandisha sukari. Mambo hayo yote yalikaa ndani ya mwili mmoja, yanasubiri mtu wa kuuliza.

Daktari hakulipasua lile jipu. Shangazi alishangaa, maana alikuja amejiandaa kwa kisu. Jipu baridi ukilipasua wazi mara nyingi hugeuka kidonda chenye tundu linalovuja usaha miezi mingi. Alimvuta usaha kwa sindano, akiongozwa na ultrasaundi, akiingia kwenye ngozi nzima pembeni ya uvimbe. Sehemu ya usaha ilikwenda kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vimelea vya TB, sehemu kuoteshwa, sehemu kwa mtaalamu wa chembechembe, kwa sababu saratani nayo ilikuwa haijafutwa kwenye karatasi. Mashine ya GeneXpert huchukua kama saa mbili. Jibu lilisomeka hivi: vimelea vya TB vimeonekana, usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB, haujaonekana.

Shangazi alisikia neno TB akalia kwa faraja. Alikuwa amejiandaa kusikia saratani.

Nataka niseme habari ya kijana mmoja pia, kwa sababu kama ningeandika ya shangazi peke yake mtu angedhani siku zote kuna muda wa kutafakari. Aliletwa kwetu na mama yake, ana miaka kama 28, homa siku ya tano, hawezi kuinua mkono wa kushoto. Chini ya koo palikuwa pekundu, pamevimba, pa moto kiasi kwamba nilihisi joto kabla sijagusa. Alikuwa akijidunga heroini, na alilisema mwenyewe kwa sauti ya chini mama alipotoka nje. Mji wa pwani unalijua tatizo hili vizuri. Kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, ya Muhimbili ilianza mwaka 2011 kwa ajili ya vijana kama huyu. Kwa watu wanaojidunga, kiungo hiki ni miongoni mwa vile ambavyo bakteria wa kwenye damu hupenda kutua. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2004, yaliyokusanya wagonjwa 180 wenye usaha kwenye kiungo hiki, yalikuta karibu nusu wana bakteria aina ya Staphylococcus aureus. Zaidi ya nusu maambukizi yalishaingia kwenye mfupa, na asilimia 13 yalishateremka kifuani, nyuma ya kidari. Ukisubiri mazoezi tiba hapo unamzika mtu. Nilimpeleka mwenyewe kwa kiti cha magurudumu hadi chumba cha dharura, akachukuliwa damu ya kuotesha kabla ya dawa, akafunguliwa siku hiyo hiyo, akakaa kwenye antibiotiki za mshipa wiki kadhaa. Yupo hai. Wenye kisukari, wenye mipira ya dripu iliyokaa siku nyingi kwenye mishipa ya shingo, na wenye seli mundu nao wapo kwenye hatari hii.

Sasa fikiria: mfupa ni huo huo, uvimbe ni huo huo kwenye picha ya simu. Kijana alihitaji kisu ndani ya saa chache. Shangazi kisu kingemdhuru. Na yule niliyemdhania shangazi kuwa ndiye, mama mwenye gegedu lililolika, anahitaji kuambiwa kwamba hana ugonjwa wa kuua. Wa aina hiyo ninao wengi kliniki, wengi wakiwa wamekoma hedhi, uvimbe mgumu upande wa mkono wanaoutumia zaidi, maumivu yakiinua kitu juu ya kabati au wakilalia upande huo. Paracetamol, jeli ya diklofenaki, kupunguza mzigo, mazoezi ya kuimarisha misuli ya mbawa la bega. Wengi hutulia hivyo. Sindano ya steroidi ina nafasi yake kwa hawa, mradi maambukizi yameshaondolewa kwenye hesabu na sindano inaongozwa na picha. Upasuaji wa kukata sentimita moja hivi ya ncha ya mtulinga upo, kwa wachache sana, na daktari akigusa ile kano inayoufunga mtulinga na ubavu wa kwanza, mgonjwa anabaki na mfupa unaoning'inia. Siku zote natanguliza mazoezi.

Wasichana wa sekondari ni habari nyingine. Mmoja mchezaji wa netiboli alikuja na mama yake kwa sababu kila akiinua mikono kudaka mpira, ncha ya mtulinga inachomoka mbele kwa mlio wa "kto", akishusha inarudi. Haimuumi. Mama alitaka irudishwe kwa upasuaji kabla binti hajaolewa, na nilimwelewa. Nikauomba mkono wa binti, nikakunja kidole gumba chake hadi kikagusa mkono wa mbele. Kano zake zote zimelegea, ndivyo alivyoumbwa. Rockwood huyo huyo na mwenzake waliandika mwaka 1989 juu ya vijana 37 wa namna hii, na waliokuwa wamepasuliwa ndio waliobaki na makovu na maumivu. Nikampa mazoezi ya bega, nikamwambia mama aache hofu. Binti aliinua mkono mara tatu pale pale, kto, kto, kto, akicheka.

Matibabu ya shangazi yalikuwa ya mwaka mzima: miezi miwili dawa nne kwenye kidonge kimoja, kisha miezi kumi dawa mbili, rifampisini na isoniazidi, zote bure kliniki ya TB. Siku ya pili alinipigia saa kumi na moja alfajiri. "Mwanangu, nakojoa damu." Sikumjibu kwamba hiyo ni dawa tu. Nilimuuliza kwanza: rangi ikoje, inauma, ilianza baada ya kumeza? Rangi ya soda ya machungwa, haiumi, saa tatu baada ya kidonge. Hapo ndipo nikamweleza kwamba rifampisini hufanya hivyo kwa kila mtu, hata machozi hubadilika rangi. Vidonge vya kisukari navyo ilibidi daktari avipange upya, kwa kuwa rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi yake.

Wiki sita za kwanza mkono ulipumzika kwenye kanga iliyofungwa shingoni, nikimsisitiza auvue mara nne kwa siku auzungushe taratibu kama mtu anayekoroga uji kwenye sufuria kubwa, bega lisije likaganda. Usaha ulivutwa mara moja tena. Mwezi wa tano aliweza kuchana nywele kwa mkono wa kulia. Mwezi wa tisa alikalia mbuzi, mjukuu akasimama pembeni akihesabu, akakuna nusu nazi akaacha.

Alimaliza dawa mwaka jana. Pamebaki kidude kigumu kama kokwa la zambarau, kinachoonekana akivaa gauni la shingo pana, na skani ya mwisho inaonyesha kingo za mfupa zimetulia. Anaenda kliniki ya kisukari kila mwezi. Nazi hukuna mjukuu.

Juzi alinipigia, goti linamsumbua. Nikavuta pumzi nianze kusema. "Subiri," akasema, "usinijibu bado. Nikwambie kwanza lilianza lini."